Mstari wa Naomi

Mgeni alikuja Jumanne, kipindi cha tatu. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na amebana mwavuli mweusi kwapani, ingawa anga lilikuwa jeupe kabisa. Alisimama mlangoni mwa darasa la pili, akafuta viatu vyake kwa nyuma ya suruali, kimoja baada ya kingine, kisha akapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyeifanyia mazoezi njia nzima.

Nilijua ni nani. Wiki nzima Mwalimu Revocatus, mwalimu mkuu wetu, alikuwa akituonya kwamba wathibiti ubora wa shule wako kwenye mzunguko, wakati wowote watatokea, tena hawapigi simu kwanza. Suti, mwavuli, viatu vilivyofutwa: angekuwa nani mwingine?

"Karibu sana, mheshimiwa," nikasema. "Watoto, simameni."

"Shikamoo mgeni wetu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni, kaeni." Akanigeukia. "Mwalimu, mimi nimekuja tu mara moja, nina shida ya..."

"Umefika saa nzuri," nikamkatiza kwa furaha. "Ni kipindi cha sanaa."

Nikampa kiti changu. Alikaa ukingoni mwake kama mtu asiye na uhakika kwamba kiti ni chake.

Lazima nieleze kipindi kile kilikuwa na maana gani kwangu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, ualimu na sanaa za maonesho, nikarudi nyumbani kwetu Kabasa, Bunda, kusubiri ajira pamoja na wenzangu wengi. Nilipochoka kusubiri nikaja kujitolea katika shule hii ya Mugango. Mwalimu Revocatus alinipa hesabu za darasa la nne, na kwa kunihurumia akanikatia vipindi viwili kwa wiki vya sanaa kwa darasa la pili. "Lakini Mwalimu Tabitha," alisema, "usiniletee kelele tu. Niletee kitu cha kuonesha."

Kitu hicho kilikuwa wimbo. Kulikuwa na tamasha la shule za msingi linakuja Musoma mjini, na shirika lililoliandaa lilikuwa limeahidi kumlipa mwalimu wa sanaa kwa mwaka mzima katika shule itakayoshinda. Tukishinda, sanaa itabaki na mimi nitabaki. Tukikosa, vipindi vile viwili vinarudi kwenye hesabu. Mwalimu mkuu alinieleza hivyo waziwazi, na mimi nikawaeleza watoto waziwazi, kwa sababu sikuona kwa nini wasijue.

Sikuwafundisha wimbo wa mtu. Niliwaambia kila mmoja atunge mstari wake mwenyewe, kuhusu kitu anachokiona akitoka kwao kuja shule. Mstari ni wako, niliwaambia, kama jina lako. Hakuna wa kukuibia. Darasa zima litaitikia, *tunakuja, tunakuja, tufungulieni mlango*, halafu anafuata mwingine. Ngoma yetu ilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na mpigaji alikuwa Burito, mtoto mwenye mikono isiyotulia hata usingizini.

Basi wakaimba mbele ya yule mgeni. Happyness alianza, kwa sababu Happyness huanza kila kitu: *Kwetu kuna mbwa watatu, mmoja tu ndiye ananipenda.* Burito akafuata, bila kuacha ndoo: *Baba anakausha dagaa, paka wa kijiji kizima ni jamaa zetu.* Mgeni akacheka, akaweka mwavuli chini. Ikaendelea hivyo, mstari kwa mstari, mpaka ikafika kwa Naomi.

Naomi alikuwa mtoto mdogo wa umbo, anaishi na bibi na babu yake karibu na ziwa. Wenzake walitunga mistari yao siku moja. Yeye alichukua wiki. Alikuwa akija mezani kwangu, anasema, "Bado, mwalimu," anarudi kukaa. Siku alipouleta sikuweza kumsahihisha kitu. Sasa aliuimba hivi, akiangalia dirishani:

*Mama yangu amelala kando ya mihogo, nikipita namwambia, naenda shule.*

Darasa likaitikia. Baada yake akaja Fredi na viatu vyake: *Viatu vyangu vilikuwa vya kaka, ndiyo maana vinajua njia.* Walipomaliza nikamgeukia mgeni nipate pongezi zangu. Alikuwa ametoa leso.

"Huyo mtoto," alisema. "Wa mihogo."

"Anaitwa Naomi, mheshimiwa. Nitamwita aje mbele. Naomi, njoo mama, msalimie mgeni."

Naomi akaja, akapiga goti. Mgeni aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha pale muda mrefu kuliko watu wanavyofanya.

"Mimi siyo mheshimiwa, mwalimu," alisema. "Mimi ni Pastory. Natoka Nyamuswa. Huyu ni wa kwangu."

Naomi alinitazama mimi. Hakuwa amewahi kumwona mtu huyo.

Habari yote niliipata ofisini, kwa Mwalimu Revocatus na babu yake Naomi, Mzee Gasper, aliyekuja nyuma ya mgeni kwa miguu. Pastory na mama yake Naomi walikuwa wameanza kuishi pamoja bila mahari kutolewa. Mama akarudi kwao kujifungua, ng'ombe hawakuja, na mtoto akakulia kwa wazazi wa mama. Mama alipofariki, alizikwa kwao, kwenye shamba la mihogo la baba yake, kama binti ambaye hajaolewa. Sasa Pastory alikuwa amepata ng'ombe. Wiki iliyopita walikuwa wamepelekwa na wazee wake nyumbani kwa Mzee Gasper, wote, wakahesabiwa na wazee wa pande mbili, wakapokelewa. Na ng'ombe wakishapokelewa, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Hakuna aliyepandisha sauti. Hata bibi yake Naomi, nilivyosikia, alipika siku ile, akapakua, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

"Si ungengoja hata muhula uishe?" nilimwuliza Pastory. "Kuna tamasha. Wiki tatu tu."

"Mwalimu, nimengoja miaka nane. Nilikuwaga naenda mpaka Musoma kuchimba mitaro, narudi, ng'ombe mmoja. Naenda tena. Watu wa kwetu wananicheka, wanasema Pastory unanunua mtoto wako mwenyewe kidogokidogo." Alitabasamu kwa aibu. "Sasa ng'ombe zimefika. Unaniambia nirudi bila yeye?"

Mwalimu Revocatus akasaini uhamisho. Mzee Gasper aliangalia sakafu tu.

Siku iliyofuata Naomi alikuja kuaga. Alikuwa amesukwa nywele upya, zimekazwa mpaka macho yamevutika. Alinikuta nyuma ya darasa nikiosha chaki mikononi.

"Mwalimu, mstari wangu mtampa nani?"

"Hatumpi mtu."

"Happyness anasema atauchukua. Anasema yeye ana sauti."

"Happyness ana wake."

Alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri kwa kusugua mguu mmoja juu ya mwingine. "Kwa sababu akiimba mtu mwingine," alisema, "mama atadhani ni mimi. Atadhani napita."

Nikafuta mikono kwenye sketi.

"Basi mniachie nafasi yangu. Mkifika kwangu mnyamaze, halafu Fredi aendelee. Mtaniachia?"

"Tutakuachia."

"Hata Musoma?"

"Hata Musoma, Naomi."

Ahadi ile ilinitoka kirahisi. Nilidhani ni ya kumtuliza mtoto, na nilidhani pia kwamba kunyamaza kwa mstari mmoja si kitu.

Katika mazoezi ya kwanza bila yeye nilijua nimekosea hesabu. Wimbo ulikuwa unaenda kama gari linaloteremka mlima, halafu ghafla shimo: ndoo peke yake, *du, du-du, du*, watoto wakiangaliana. Mwalimu Revocatus alikuwa amesimama dirishani.

"Nani amesahau?"

"Hakuna aliyesahau, mwalimu mkuu. Ni nafasi ya Naomi."

Aliniita pembeni. Hakuwa mtu mkali, na sitaki msomaji amwone hivyo. Alikuwa na shule yenye watoto wengi na walimu wachache, na alikuwa anataka sanaa ibaki kama mimi nilivyotaka. "Karatasi ya kanuni umeisoma? Wimbo ukikatika, alama zinakatwa. Nyingi. Mwalimu, huyo mtoto ameshahama. Mpe Happyness."

"Niliahidi."

"Basi uruke. Toka wa kabla yake nenda moja kwa moja kwa Fredi. Hapo umevunja ahadi gani? Hakuna aliyeimba mstari wake."

Nilijaribu. Nilijiambia kwamba kuruka si kuvunja. Tuliimba, tukafika pale, nikamnyooshea Fredi mkono aingie. Fredi akasimama kimya, mikono nyuma.

"Fredi, ni wewe."

"Bado Naomi, mwalimu."

"Naomi hayupo, Fredi."

"Najua," alisema, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mzito wa kuelewa. "Lakini ni zamu yake."

"Mwache bwana, hata akiwa hayupo anachelewa!" Burito akasema, na darasa likacheka, na Fredi akacheka pia, lakini hakuingia mpaka ndoo ilipomaliza mzunguko wa Naomi.

Zilipobaki siku chache nikaamua kwenda Nyamuswa. Nilikuwa na maombi mawili, na nilikuwa nimeyapanga. La kwanza, Pastory amruhusu Naomi siku moja tu aje Musoma aimbe. Likishindikana, la pili: nimwombe Naomi mwenyewe anifungue kutoka kwenye ahadi. Ni mtoto mwelewa, nilijiambia. Nikimweleza kuhusu vipindi, kuhusu wenzake, atasema sawa, mwalimu, mpeni Happyness. Nilikwenda na gari mpaka Bunda, nikapita nyumbani Kabasa kumsalimu mama, kisha nikachukua bodaboda.

Nyumba ya Pastory ilikuwa nje kidogo ya senta, karibu na josho la ng'ombe. Zizi lilikuwa tupu, mbolea imekauka. Naomi alikuwa uani na mtoto mchanga mgongoni, wa mama yake wa kambo, akipepeta mtama. Aliponiona aliweka ungo chini kwa uangalifu, ndipo akaja mbio.

Pastory alinipokea vizuri. Alinichinjia kuku niliyemkataa mara tatu. Nilipotoa ombi langu la kwanza alichora chini kwa kijiti.

"Ningemruhusu, mwalimu. Kwa Mungu. Lakini ameanza kuniita baba juzi tu. Juzi, Jumapili, tukitoka kanisani. Akirudi kule, hata siku moja, akamwona bibi yake, hatarudi huku na moyo. Atarudi mwili." Akanitazama. "Unanielewa?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Kwa hiyo nikabaki na ombi la pili. Naomi alinisindikiza mpaka barabarani, mtoto bado mgongoni. Yule mchanga akaanza kulia, na Naomi akaanza kumtikisa na kumwimbia. Aliimba wimbo wetu. Aliimba wa Happyness, aliimba wa Burito, akaitikia mwenyewe *tunakuja, tunakuja* kwa sauti ya watu wengi. Aliimba yote kwa zamu. Alipofika kwake alinyamaza, akiendelea kutikisa, kisha akaimba wa Fredi.

"Huu wimbo unauimba kila siku?"

"Naimbaga huyu akilia. Analala."

"Na mstari wako? Mbona umeuruka?"

"Sijauruka. Nimenyamaza." Alirekebisha kanga mgongoni. "Mwalimu, si huku sipiti kwa mama. Nikiimba nitakuwa nasema uongo."

Dereva wa bodaboda akapiga honi.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini, mwalimu? Ulisema una neno."

"Nilitaka kukuuliza kama umeshaanza shule."

"Baba anasema muhula ujao." Akachungulia uso wangu. "Musoma ni lini? Mtaniachia?"

"Jumamosi," nikasema. "Tutakuachia."

Nilikaa nyuma ya ile pikipiki mpaka Bunda, na dereva akaniuliza kama nimefiwa, kwa sababu nilikuwa nalowesha shati lake.

Ukumbi wa Musoma ulikuwa na feni nne zisizozunguka na jukwaa lililopambwa kwa vitenge. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kuona maikrofoni kwa karibu. Burito aliinusa. Majaji watatu walikaa mbele, kila mmoja na karatasi zake. Shule ya mwisho kabla yetu ilikuwa imecheza ngoma nzuri, lakini njuga za mtoto mmoja zilimkatikia katikati, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mlango uko wazi. Hata mimi nilianza kuona ule mwaka mzima mbele yangu, vipindi viwili kila wiki, pengine vitatu.

Tulipokuwa tunapanga mstari nyuma ya pazia, Happyness akanivuta sketi.

"Mwalimu, mwalimu mkuu ameniambia niimbe wa Naomi."

Mwalimu Revocatus alikuwa nyuma yangu. Alisema kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, lakini walisikia. "Sikiliza, binti yangu. Umewafundisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Nakuambia kweli. Wazazi wamenipigia simu, wanasema watoto wao wanaimba mpaka wakiwa wanaoga. Unataka kuyatupa hayo kwa ajili ya kimya? Yule mtoto hayupo hapa. Hatajua kamwe."

"Hatajua," nikakubali.

"Basi?"

Nilipiga magoti mbele ya Happyness. Alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa, na macho yake yalikuwa yanaruka kutoka kwangu kwenda kwa mwalimu mkuu. Aliujua ule mstari. Angeuimba vizuri, pengine kwa sauti tamu kuliko ya mwenyewe.

"Mama yako yuko wapi, Happyness?"

"Pale, mwalimu. Amevaa kilemba cha njano."

"Basi wewe imba wa mbwa. Wa Naomi tunauacha. Ni mimi ninayesema, si wewe. Ukiulizwa, sema Mwalimu Tabitha amekataza."

Mwalimu Revocatus alivuta pumzi ndefu. "Ukiwatoa hapo hivyo, Mwalimu Tabitha, sitakuwa na namna ya kukutetea. Unaelewa? Jumatatu ni hesabu."

"Naelewa, mwalimu mkuu."

Alivaa kofia yake, akaenda kusimama ukutani, karibu na mlango.

Jioni ya siku ile alama zilisomwa, na jina la shule yetu halikuwamo katika zile tatu za kwanza. Jaji mmoja alinieleza kwa upole kwamba wimbo ulikuwa mzuri, ila kwa bahati mbaya ulikatika. Njiani kurudi Mugango watoto walilala wakiegemeana, na mama mmoja hakunijibu nilipomuaga. Darasa la pili sasa lina vipindi viwili zaidi vya hesabu, na mimi nimerudi Kabasa kusubiri ajira. Hayo yote yalikuja. Lakini kabla hayajaja, watoto wangu walikuwa juu ya lile jukwaa.

Happyness aliimba wa mbwa. Ukumbi ukacheka pale panapochekwa. Burito aliimba wa paka, na mvuvi mmoja nyuma akapiga mluzi. Mmoja baada ya mwingine walitoka mbele, wakaimba, wakarudi, na katikati yao palikuwa na uwazi wa upana wa mtoto mmoja, ambao sikuwa nimewaambia wauache.

Wakaitikia, *tunakuja, tunakuja, tufungulieni mlango*, na wakanyamaza.

Ndoo ikaendelea peke yake. Burito, ambaye mikono yake haijawahi kutulia, aliipiga polepole, kwa ncha za vidole. Jaji wa katikati akainua kichwa. "Amesahau," mtu akasema, na mama mwingine akaita kwa huruma, "Endelea, mwanangu, usiogope!" Happyness alikuwa amebana midomo yake miwili kwa nguvu, machozi yanamtoka. Jaji akainamisha kichwa, akaandika.

Fredi hakumtazama jaji wala hakunitazama mimi. Alikuwa amegeuzia uso ule uwazi pembeni yake, anasubiri kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Ndoo ilipomaliza mzunguko alivuta pumzi, akatoka mbele, akaimba wake.